Vitufe Kumi na Soseji za Mama

...tena nimekosea, nimebonyeza saba badala ya moja, mimi, Halina Nowicki, ambaye kule uhasibu nikiikalia mashine ya kujumlisha watu husimama kutazama, vidole vyangu vinajua saba, nane, tisa ziko juu, moja, mbili, tatu chini, na sasa hawa wahandisi, kwenye simu yao mpya ya vitufe, wameiweka namba moja juu na wanatuita mmoja mmoja tuwajaribie vitufe vyao, “Bonyeza namba iliyo kwenye kadi, Bi Nowicki, usiwe na haraka,” anasema Bwana Hartwell huku ameshika saa ya kupimia, usiwe na haraka, sasa hiyo saa ya nini?, na nje ya mlango Lorraine wa mapokezi anacheka, ananicheka mimi, Lorraine asiyeweza kujumlisha hata mayai kwenye trei, alitoka humu akijitingisha, “Rahisi, shoga, hata usingizini nabonyeza!”, nami jana kantini nimewatangazia wote kwamba hakuna wa kunipita, mdomo uliponza kichwa... lakini ngoja, Halina, ngoja, hawa wanahesabu makosa, mpangilio wenye makosa mengi utatupwa, basi nikikosea zaidi, kwa makusudi, makosa ya kibingwa, watachukua ule wetu wa saba juu, Marekani nzima itapiga simu kwa mkono wangu, Lorraine atakoma... “Kuna tatizo?” “Hakuna, bwana, naisoma tu,” kadi inaanza na mbili, kama namba ya kwangu, ile ambayo Mama haipati sawasawa, simu yake ya kuzungusha kisahani cha namba inamponyoka kidoleni, kila akinitafuta anampata Gorski wa bucha, na kwa kuwa anaona haya kusema amekosea namba, anaagiza soseji, friji imejaa soseji, nikawa namtania, Mama, sema tu unampenda Gorski, hadi ile Januari alipoteleza kwenye barafu ya ngazini, akajikokota hadi kwenye simu, nyonga imevunjika, ananitafuta mimi, akampata Gorski, akasema, “Samahani, Bwana Gorski, ratili mbili, na kama si usumbufu niletee nyumbani,” ndiye aliyemkuta sakafuni, soseji mkononi, hospitalini nilicheka, kisha nikalia, niliona aibu, mwanawe nipo na aliyemwokoa ni mwenye bucha... Mama angekaa kiti hiki angefanyaje?, angevaa miwani, angeanza juu kushoto, kama anavyoanza kitabu chake cha sala, kama aanzavyo kila mtu asiye na mashine ya kujumlisha, angeitafuta moja, na akiikuta saba pale angedhani ameharibu simu, angeomba radhi, angeagiza soseji... “Bi Nowicki?” kidole changu bado kiko hewani, saa inakwenda, Lorraine bado anacheka, na acheke, na ashinde, sikosei kwa makusudi, nanyi vidole mmezoea sifa mno, leo mtaanza upya kama vidole vya watu wengine, juu kushoto moja, inayofuata mbili, hiyo hiyo, Mama, bonyeza, niko nyumbani, nitapokea mimi.