Kuombea Theluji

Alhamisi, kabla ya kengele ya mwisho, niliwafundisha watoto wangu wa darasa la tatu kuombea theluji. Kila aliyekulia huku Duluth, kaskazini mwa Marekani, anajua namna yake: unavaa nguo za kulalia ukizigeuza ndani nje, unatupa vipande vya barafu chooni, na kesho theluji inajaa hadi shule inafungwa. Darasa zima lilishangilia. Odessa Pruitt peke yake alikunja mikono.

"Mimi sivai hivyo."

"We Odessa, usituharibie!" Anders alimtania. "Unapenda hesabu sana, eh?"

"Napenda Ijumaa."

Alinitazama mimi, si Anders. Kila Ijumaa, watoto wakiwa uwanjani, mimi huingiza mifuko ya chakula cha mwisho wa juma katika mabegi ya watoto kumi na mmoja wasio na cha kutosha nyumbani, la Odessa likiwemo, kimyakimya, wengine wasijue. Nilimwona akiuma mdomo. Kengele ililia, nami nikacheka pamoja na wengine.

Alfajiri ujumbe ulikuja kwenye simu: shule zote zimefungwa. Nyumbani kwetu, siku kama hii mama alikaanga chapati za maji, akazimwagia asali, na nilikua nikiamini kwamba kila nyumba inanukia hivyo. Nilifungua jokofu. Nililifunga. Niliketi, nikasimama, nikalifungua tena. Lilikuwa limejaa. Mifuko kumi na moja ilikuwa stoo ya shule, na leo ilikuwa Ijumaa.

Nilimpigia mama yake Odessa.

"Mama Odessa, samahani kukusumbua. Mna chakula?"

"Kwani nani kakwambia hatuna?"

"Hakuna. Ni mimi tu..."

"Mwalimu, jana uliwaambia waombe nini? Mwanangu amelia hapa. Kaniuliza kama Mungu husikiliza walio wengi."

"Nisamehe."

"Msamaha hauliwi. Mfuko uko wapi?"

"Shuleni."

"Basi ulete. Na usinibebee vya jikoni kwako, tusije tukawa sadaka yako. Lete ule wetu."

Ufunguo wa stoo alikuwa nao Bi Lorna, mpishi wa shule, anayekaa mtaa wa pili. Nilimpigia, nikamweleza.

"Umerukwa na akili? Theluji imefika kiunoni!"

"Nina koleo."

"Koleo unalo, akili ndiyo huna. Haya, nakuja. Lakini utachimba wewe."

Nilichimba kutoka langoni hadi mlango wa jikoni, zaidi ya saa nzima, huku Lorna akinihesabia mapumziko kama refa. Stoo ilipofunguliwa, nilinyanyua mfuko wa kwanza kwa nguvu nyingi mno, ukanipiga kifuani. Ulikuwa mwepesi. Maharage ya kopo, tambi, maziwa mawili madogo. Nilikuwa nimeishika mifuko hiyo mwaka mzima bila kuipima.

"Huu ni wa siku mbili," Lorna alisema. "Chakula cha leo, ambacho wangekula shuleni, hakimo humo."

Tulipakia yote kwenye sleji ya wajukuu wake, ile ya kutelezea thelujini, tukavuta.

Odessa alifungua mlango kabla sijabisha. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akachungulia ndani.

"Asante, Mwalimu. Jumatatu shule ipo?"

"Ipo," nilisema. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

"Na isipokuwepo?"

Niligeuka, nikaishika kamba ya sleji. Kwenye sleji ilibaki mifuko kumi, na Lorna alikuwa akiifunika kwa koti lake, kwa sababu theluji ilikuwa imeanza tena.