Kovu la Penina na Mdomo wa Mjomba

Mjomba Elisante alifika hospitali kutoka Mlali na vitu viwili tu: simu na mdomo. Ritha, mpwa wake, alikuwa anamsubiri tangu asubuhi, maana kwao mtoto hapasuliwi mpaka mjomba atamke. Na mtoto mwenyewe, binti yake Jenifa wa darasa la sita, yuko kitandani hapo koridoni kajikunja, kidole tumbo kimevimba. Daktari Hanifu kashasema wakichelewa kitapasuka.

"Kupasua? Sitamki!" Mjomba aliwaka. "Mwangalieni Penina! Alitolewa kidole tumbo, leo anahara damu. Ukikitoa hicho, utumbo unabaki hauna mlinzi. Nimetumiwa hapa, sikilizeni!" Akabonyeza simu, jitu la kwenye sauti aliyotumiwa likaanza kufoka korido nzima.

Penina, mdogo wake Ritha, alikuwa kaegemea ukuta. Miaka yote mjomba alimtangaza hivyo mitaa ya Miyuji na Kizota, harusini, misibani, na yeye kimya. Nani asimame msibani aeleze habari za choo chake? Leo alimtazama mjomba kuanzia kofia mpaka viatu, akaona hapo katikati hamna kitu.

"Mjomba, mimi nilitolewa kidole tumbo lini?"

"Si ulipasuliwa? Si una kovu?"

"Hapo kwenye kovu ndipo alipotokea mwanangu! Mbuzi wa sherehe yake ulimla paja zima, ukaomba na utumbo ufungiwe!"

Mama mmoja kwenye benchi akaangua kicheko, akajiziba na kanga.

"Kidole tumbo changu ninacho," Penina akaendelea. "Vidonda vya utumbo mpana ninavyo. Vyote vimo humu humu, tunakula ugali pamoja. Sasa huyo mlinzi wako alikuwa kalala?"

Mjomba akamgeukia daktari, eti amsaidie. Daktari Hanifu akasema, "Mzee, tafiti zinaonyesha waliotolewa kidole tumbo kilichovimba wakiwa wadogo, vidonda hivyo huwapata kwa nadra zaidi. Kwa nini, bado inachunguzwa. Ila Jenifa hatumpasui kwa sababu hiyo. Tunampasua asife."

"Mimi sijatamka."

"Umetamka mpaka umepitiliza," Penina akasema. "Dada, mama ni wewe. Mjibu daktari."

Ritha akamtazama mjomba. Akamtazama Jenifa, ambaye hata kulia alikuwa kaacha.

"Mpasueni."

Kitanda kikasukumwa mbio. Papo hapo tumbo likamkata Penina, lile la kukimbilia choo. Akamtupia mjomba mkoba. "Nishikie, mjomba. Hii haihitaji utamke."

Baadaye daktari akatoka anavua glovu: wamekiwahi, kilikuwa hakijapasuka. Ritha akakaa chini sakafuni, akalia.

Mjomba, mkoba wa kike kwapani, alikuwa kashapiga simu Mlali.

"Eeh, mtoto mzima! Si nimewaambia wampasue? Bila mimi hapa, wallahi, wangemuua!"