Kofia Badala ya Majaketi

TANGAZO KWA MANAHODHA WOTE WA BOTI ZA MATEMBEZI. Kwa kuzingatia usalama wa vyombo vya starehe vinavyoelea karibu na pwani, inaagizwa kwamba majaketi yote ya kuokolea yafuliwe kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa nchi kavu kwa siku tatu mfululizo. Katika siku hizo, kila abiria atavaa kofia yenye ukingo usiopungua shubiri moja, ili aonekane kutoka mbali. Atakayekaidi asilaumu mtu.

Agizo hili zito lilitungwa kitandani na binti wa miaka kumi na sita, miguu ukutani, mdomo umejaa karanga. Muhuri wake wa bluu ulikuwa kizibo cha dawa ya kikohozi kilichochovywa kwenye wino.

Shuleni, huko bwenini, walimwita Katibu. Aliwahi kubandika bwaloni amri ya kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto, na kidato cha kwanza kizima kikatii wiki nzima. Alipewa adhabu ya kufyeka majani, akayafyeka kwa fahari kama anayezindua barabara.

Likizo hii alikuwa kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa na boti moja, injini moja na leseni moja, na kati ya hivyo vitatu mgonjwa mahututi alikuwa leseni. Kosa la kwanza aliandikiwa kwa sababu herufi za jina la boti zilipungua upana wa kidole. La pili, ndoo ya mchanga wa kuzimia moto ilikuwa ya rangi ya chungwa, na kanuni inataka nyekundu. Mara zote mbili alibisha, na mara zote mbili kubisha kwake kukaandikwa kwenye faili. Kosa la tatu likiingia, leseni inafutwa, na hakuna rufaa. Mjomba akaapa mezani, mbele ya Katibu, kwamba karatasi yenye muhuri hataibishia tena, hata ikimwamuru aendeshe boti kinyumenyume. Katibu alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Alilibandika tangazo lake kwenye ubao wa gatini kabla watu hawajafika, akarudi kulala. Manahodha wa kwanza walilisoma wakashika mbavu.

"Hii kaandika mlevi," akasema mmoja.

"Mlevi gani anajua kuandika 'mfululizo'?" mwenzake akamjibu, wakaenda zao.

Mjomba alikuja baada yao. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno, kisha akalibandua, akalitia kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Katibu alipoamka na kuteremka gatini, majaketi yalikuwa yameshafuliwa, yananing'inia uani kwa mstari, na Mjomba alikuwa amekaa juu ya kreti akipima ukingo wa kofia za ukili kwa kiganja, moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, Mjomba. Kofia zote hizi za nini?"

"Marahaba, mama. Kanuni mpya. Usiniulize maana yake. Mimi na maana tulishaachana."

Katibu akakimbilia nyuma ya kibanda cha tiketi, akauma mkono wa blauzi yake. Angemwambia, kwa nini asimwambie? Ila abiria wapande kwanza, hapo itanoga. Wakapanda sita, wamevaa kofia kama uyoga. Boti ikang'oa nanga. Basi atamwambia akirudi.

Mjomba hakufika hata kwenye boya la kwanza. Boti ya ukaguzi ilimkatia njia, ikamrudisha.

Ofisi ya Mkaguzi ilikuwa na feni inayolia, kabati la mafaili na benchi moja. Mjomba alikaa kwenye benchi hilo, Katibu pembeni yake. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha.

"Nahodha, abiria sita na jaketi hata moja hakuna. Mmoja wao ana miaka minne."

"Nimefuata tangazo, mheshimiwa." Mjomba akalitoa kwenye plastiki kwa mikono miwili.

Mkaguzi akautazama muhuri tu. "Hili silo letu. Umedanganywa, mzee wangu. Lakini mtoto angetumbukia, kofia ingeelea peke yake. Nahodha ndiye anayejibu. Kanuni haina kifungu cha aliyedanganywa."

Akaigonga leseni muhuri mwekundu: IMEFUTWA. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu kaweka kikombe mezani.

"Na boti?" Mjomba akauliza.

"Boti ni yako. Kuiendesha ndiyo basi."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. "Miaka kumi na tisa," akasema, kama anayemjibu mtu asiyekuwepo. "Na kazi nyingine sijui."

Hakubisha. Katibu aliomba kimoyomoyo abishe, apige meza, atukane, afanye lolote. Mjomba alikaa tu, viganja juu ya magoti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Mkaguzi alianza kulinakili tangazo kwenye ripoti, akisoma kwa sauti, karatasi kaishika mbali kwa sababu miwani aliisahau botini. "'...kuanikwa nchi kavu kwa siku tatu... siku tatu m...'"

"Mfululizo," akasema Katibu.

Lilimtoka lenyewe, tena kwa ile sauti yake ya bwaloni. Mkaguzi akaandika, akashukuru. Mjomba ndiye aliyegeuka.

"Umelisoma wapi?"

"Pale ubaoni, Mjomba."

"Ulipokuja lilikuwa mfukoni mwangu. Ukaniuliza kofia za nini."

Kalamu ya Mkaguzi ikasimama. Katibu alitafuta neno kubwa la kujifichia, kati ya yale aliyozoea kuyapanga, na safari hii hakuna hata moja lililokuja.

"Niliandika mimi," akasema. "Muhuri ni kizibo. Nilitaka wale wengine wacheke tu. Halafu nikakuona unapima kofia, Mjomba, na boti ilikuwa bado imefungwa. Nilikuwa na muda wa kukwambia. Nilikuwa nyuma ya kibanda, nacheka."