Kirukanjia wa Dirishani

Mama mtunza chupa wa makumbusho alisimama mlangoni, mikono kifuani, akisikiliza upuuzi. Profesa alikuwa anawatangazia wageni spishi mpya ya kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye watu humdhania panya. Virukanjia wote wa milima ya eneo lile ni weusi, lakini huyu wake, aliyelowekwa kwenye chupa ya spiriti, alikuwa na rangi ya kutu. Tayari alishampa jina, na jina lenyewe eti ni la profesa mwenyewe. Makubwa!

Mama yule aliinamia chupa, akasoma kibandiko alichokiandika kwa mkono wake miaka ishirini iliyopita.

"Profesa, huyu aliletwa hapa akiwa mweusi tii. Wewe mwenyewe ulimtoa kabatini ukamweka dirishani, upate pa kuweka birika lako la chai. Amechujuka kwa jua, basi."

Profesa alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mama, wewe futa vumbi. Kazi ya kuainisha wanyama ina wenyewe."

"Sawa, baba."

Akaenda ukutani, akaishusha picha ya profesa iliyotundikwa kando ya dirisha lile lile tangu mwaka ule ule chupa ilipowekwa hapo, akaisimamisha karibu na chupa. Suti nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya kutu, na nywele, na masharubu pia.

"Andikeni wawili," aliwaambia wageni. "Na huyu naye ni spishi mpya."