Legeza Taya

Asubuhi dada alinifumua nywele kimya kimya, maana mashine ya kupima mawimbi ya ubongo haitaki kichwa kilichosukwa. Kimya chake kilinichoma.

Ugonjwa wangu daktari anauita haiba ya mpakani, yaani hisia zinazoyumba upesi. Mama anauita kiburi. Mimi najua hivi: mtu akininunia, naona anataka kuniacha, basi nawahi kumfukuza. Mwezi uliopita nilimfukuza dada kwa sababu ya uso aliokunja tu. Leo amekuja kunisindikiza, lakini amesema wazi kwamba nikimfukuza tena, ndiyo basi. Na dada akisema kasema.

Mpimaji, mama mmoja mwenye mikono baridi, alimwomba dada asubiri nje. Akanibandika vidude vya waya kichwani kwa mafuta mazito kama uji, kisha akaniwekea picha za nyuso kwenye skrini. Nikiona hasira, nibonyeze kitufe. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

"Unakaza taya," akasema. "Ukikaza, mistari yote ya mashine inaruka. Sioni ubongo, naona taya tu. Legeza."

"Huyu wa mwisho ananichukia."

"Huyo aliambiwa akae tu apigwe picha."

Nilibisha, maana kwa kubisha sijambo. Akanirudishia picha. Nikaitazama sana. Mwanamume, shati la bluu, basi. Niliona aibu, halafu nikaogopa: ni nyuso ngapi kama hizi nimezifukuza?

"Mistari yangu inasemaje?"

"Ya mtu mmoja haisemi mengi. Tunalinganisha ya watu wengi. Vuta subira."

Nilipotoka, dada alikuwa kwenye benchi, midomo ameibana, macho kanikazia. Maneno yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: kama umenichoka, nenda zako. Ndipo nikasikia meno yangu yameumana.

Nikalegeza taya. Haikuwa rahisi, iligoma kama mfuniko uliokwama.

"Dada, umenikasirikia?"

Akashangaa. "Nikukasirikie kwa lipi? Nina njaa. Na muda wote nilikuwa natega sikio, nisikie kama wanakuumiza."

Nikakaa kando yake, nikalia. Akatoa kitambaa, akaanza kunifuta yale mafuta nywelini, kimya kimya kama asubuhi, nami nikamwinamishia kichwa.