Waliokuja na Waliotuma

Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na saba Novemba mwaka 2003, saa tisa na dakika arobaini alasiri, birika ndiyo kwanza limeanza kuguna, na ishirini na saba haiwezekani, alijiambia Miradie, haiwezekani kabisa, Jumanne ya tarehe nne alipanga viti kwa mikono yake, viti kumi na sita, na kimoja hakikukaliwa kwa sababu mguu wake umelegea, kwa hiyo kumi na tano, lakini hapa kwenye rejista, kwa ile kalamu ya kijani ya Mama Placida, majina ishirini na saba, na mbele ya kila jina alama ya vema, imara, kama ya mwalimu asiyekuwa na shaka... na nyuma ya mlango huu wa jikoni, katika ukumbi wa kanisa waliouazima hapa Tottenham, bwana Mahmood wa ofisi ya ruzuku amekaa na koti lake mapajani, anangoja vitu viwili tu, chai na rejista, akishaviona ataenda kuandika kama serikali iwape mwaka wa pili au jiko lao lifungwe kabla ya Krismasi. Washiriki wasiopungua ishirini kila wiki, kutoka jamii zaidi ya moja, ukurasa wa nne, aya ya tatu, aliijua aya ile kama sala, fomu aliijaza yeye, kurasa kumi na nne, lengo la mradi, akaandika kupinga ubaguzi na kuwakutanisha majirani wa asili mbalimbali, sentensi aliyoionea aibu kidogo kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na mzuri zaidi, wanawake wa Kongo ya mashariki na Wahindi waliozaliwa Kenya na Uganda wakipika pamoja kila Jumanne mchana, wakigombana kwa Kiswahili juu ya pilipili. Kupitia mlangoni akasikia Mama Placida akipaza sauti, "Mwambie vizuri, dada Bharti, mwambie yule mutu wa viazi pale sokoni alituambia sisi wote wawili turudi kwetu," na Bharti, ambaye ndiye mwenye Kiingereza, akijibu, "Nimemwambia, wewe ngoja bwana, yeye naandika," na Placida, "Mwambie nilikuuliza, dada, kwetu ni wapi, na wewe ukasema Kisumu, na miye nikasema Bukavu, tukacheka mpaka yule mutu akaanza kuogopa," na kweli ndivyo mradi ulivyoanza, katika foleni ya viazi, wawili wasiojuana waliotukanwa kwa pumzi moja wakageukiana na kukuta wana lugha moja... na sasa yote yale yataangukia kwenye daftari, kwa sababu ya kalamu ya kijani, kwa sababu yeye, mwenye shahada ya takwimu, katibu, ambaye huhesabu hata ngazi za stesheni, alimwachia Mama Placida rejista tangu Septemba, akasema aa, kuandika majina tu, nani atakosea. Mlango ukasukumwa, Mama Placida mwenyewe, kitenge juu ya sweta, "Mutoto, sukari iko wapi, yule bwana anakunywa na vijiko vitatu kama mutu wetu," na Miradie akamshika mkono, akanong'ona, "Mama Placida, hawa wote ni nani?" "Ni wamama." "Josée hajafika hapa hata siku moja, Mama, anafanya kazi ya usiku kule kwa wazee, mchana analala." "Josée? Na ile sombe, yale majani ya muhogo uliyokula ukalamba na vidole, ilikuwa ya nani?" "Ya Josée, lakini hakuja." "Sufuria yake iko, yeye iko. Ulitaka niandike namna gani, niandike sombe?" akachukua sukari, akatoka akicheka, mzito na mwepesi kwa wakati mmoja, mtu asiye na hatia hata ya punje. Sufuria yake iko, yeye iko... ungemwambia nini mkaguzi, ungemwambia kwetu mtu aliyetuma chakula amefika, hata mama yake Miradie, kwenye misiba kule Bukavu na hata hapa London, hutaja majina ya waliokaa na waliotuma kwa pumzi ileile, fulani alikuwepo, fulani alikuwepo, na ukiuliza sana unakuta fulani wa pili alikuwa kitandani na unga wake ndio uliofika, hakuna aliyewahi kuita hilo uongo, lakini aya ya tatu haijui unga, aya ya tatu inajua miguu, na kumi na tano si ishirini, hata ukisingizia mvua, hata ukiongeza huruma. Angeweza kunyamaza. Bwana Mahmood asingejua, angehesabu vema za kijani, angemaliza chai yake tamu, angekwenda, nao wangebaki na jiko, na yeye angebaki na ile namba kifuani kama mwiba wa samaki, anajijua, ataamka nayo miaka kumi... akafungua nyuma, ili ahesabu upya, ili angalau ajue ukubwa wa kosa, tarehe ishirini na moja Oktoba, ishirini na nne, wangapi kweli, kumi na sita, tarehe kumi na nne Oktoba, ishirini na tano, na hapo katikati, kati ya Indu na Josée, kwa kijani, Miradie. Vema. Alilitazama jina lake kama mtu anayejikuta kwenye picha ambayo hakupigwa, kwa sababu tarehe kumi na nne alikuwa na homa, amelala chumbani kwake Kilburn na soksi mbili mbili, akiwaza kwamba mtu angeweza kufa katika chumba cha kupanga na wa kwanza kugundua angekuwa mwenye nyumba, hakwenda popote, hakutuma chochote... alituma chumvi. Bharti, anayekaa mtaa wa pili, alipita asubuhi kumchukua waende pamoja, akamkuta hivyo, naye Miradie akasema Masi, yaani mama mdogo, chukua basi hii chumvi, waliishiwa wiki iliyopita, paketi iliyofunguliwa, akaifunga na mpira wa nywele, basi, akalala. Na jioni Bharti akarudi na sahani. Akakumbuka sahani ile, imefungwa kwa kitambaa cha maua, imepanda basi mbili, khichri, ule wali wa dengu, upande mmoja na sombe upande mwingine, na Bharti akisema, "Kula, beti, mwanangu, hii ya kwako, imeandikwa," naye katika homa alidhani ni namna ya kusema tu, riziki imeandikwa... imeandikwa wapi, imeandikwa hapa. Kumbe ni daftari la sahani! Placida huandika majina kwanza, kisha hupakua kwa kusoma majina, na kila jina hupata sahani, kumi na tano zikaliwa hapa na kumi na mbili zikasafiri, ya Josée kwenda kwa Josée, ya Indu kwenda Kilburn kwa Indu mwenye magoti mabovu, ambaye hutuma achari ya maembe na hajawahi kumwona Josée kwa macho, ila kila Jumanne huuliza kwa Bharti, yule wa sombe amepumzika? na Josée huuliza kwa Placida, magoti ya yule mama wa achari? na yeye Miradie alikuwa amewasikia wakiulizana wiki baada ya wiki na hakuhesabu, yeye anayehesabu ngazi. Si uongo, basi, na si ukweli wa aya ya tatu, ni hesabu mbili zilizolala kitanda kimoja, na kazi ya katibu ni kuzitenganisha bila kumfukuza yeyote, atamwambia bwana Mahmood kumi na tano na kumi na mbili, zote mbili, kwa sauti, na kama ofisi yake itafunga jiko kwa sababu ya kumi na tano basi itafunga ikijua inafunga nini... birika likajizima, tik, saa tisa na dakika arobaini na sita, vikombe vitatu bado vikavu, ukumbini Bharti bado anaeleza viazi, hakuna kilichosogea, na kifua chake, alichokibana tangu asubuhi, kilikuwa wazi kama dirisha. Akamimina maji. Akaweka rejista juu ya sinia, katikati ya vikombe, akasukuma mlango kwa kiuno.

Aliyasema yote kwa sentensi nne, bwana Mahmood akaandika ukurasa mzima, akauliza sufuria inaandikwaje, akasema jibu litakuja Januari, hakuahidi kitu. Asubuhi yake, Jumanne, Miradie hakuweza kwenda jikoni, alikuwa amebadilishana siku na mwenzake kazini ili apate ile Jumatatu, kwa hiyo aliamka saa kumi na moja, akachemsha maharage aliyoyaloweka, akachora kwa rula ukurasa mpya wa rejista, waliokuja upande wa kushoto, waliotuma upande wa kulia, na saa moja na nusu Bharti alipogonga, akampa ukurasa na sufuria yenye moto, mfuniko umefungwa kwa kitambaa cha maua, na jina la kwanza upande wa kulia lilikuwa limeshaandikwa.