Simu kwa Mama Mkwe

Pale kituo cha afya walimwita Kamanda, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa muuguzi msimamizi, mwanamke asiye na dogo: ukichelewa utasikia, ukikosea utasikia zaidi. Watu wa hali ya hewa walipotangaza kwamba joto kali linakuja na halitaondoka upesi, hakungoja kuamriwa. Chanjo alizitoa kwenye jokofu lenye mlango uliolegea akazihamishia kwenye lililo zima. Kliniki ya wajawazito akaisogeza alfajiri. Stoo ya nyuma, iliyojaa vitanda vilivyovunjika miguu, akaimwaga yote nje, akaingiza pipa la maji, feni, shuka za pamba na sanduku la barafu, kisha akabandika karatasi mlangoni: CHUMBA CHA KUPOZA.

"Kupoza nini, Sista? Chai?" akauliza mlinzi.

"Kukupoza wewe, ukiendelea kusimama juani bila kofia."

Lakini kazi aliyoionea fahari hasa ilikuwa ya simu. Kila mzee aliyeishi peke yake mitaa ile alipangiwa mhudumu wa kumpigia kila siku mpaka joto lipungue. Na Kamanda mwenyewe ndiye aliyewafundisha wahudumu namna ya kuuliza, maana wazee aliwajua. Mzee anaweza kuwa amelala sakafuni, pumzi za kuhesabu, lakini ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo. Ndivyo alivyolelewa.

"Ukisikia 'sijambo', bado hujaanza kazi," aliwaambia. "Muulize amekunywa maji mara ngapi. Muulize amekojoa lini, na mkojo ulikuwa na rangi gani. Akikwambia rangi ya chai, usimuage. Tuma mtu."

Joto halikuwa limemaliza hata siku mbili, Mama Pacha akaharibu. Mama Pacha alikuwa mhudumu wa mtaa, mwanamke wa makamo mwenye maneno mengi na miguu isiyochoka. Alimpigia mwalimu mmoja mstaafu, wakasalimiana, wakaulizana watoto, wakaagana. Muda si muda jirani akamkuta mwalimu ameegemea ukuta, anazungumza na mkewe aliyekwisha kufariki. Wakawahi kumfikisha kituoni, akapona. Asubuhi yake, kwenye kikao, Kamanda akamsimamisha Mama Pacha mbele ya wote.

"Ulipiga simu ya kazi, au ulikuwa unaalika watu harusini?"

"Sista, yule ni rafiki wa marehemu baba yangu. Amenibeba mgongoni. Nitamuulizaje mambo ya mkojo?"

"Mkojo hauna heshima, Mama Pacha. Mkojo una rangi."

Watu wakaangua kicheko. Mama Pacha naye akacheka kidogo, kwa mdomo tu, akakaa na kuinamia viatu vyake.

Kamanda akaingia ofisini, akafunga mlango. Naye alikuwa na mzee wake wa kumpigia. Mama mkwe wake aliishi peke yake mtaa wa pili, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, vyumba vya uani akiwa amevipangisha. Mume wa Kamanda, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa barabarani, na siku ya kuondoka alimwachia mkewe neno moja tu: "Mama yuko mikononi mwako." Kwa hiyo wahudumu walipogawana wazee, Kamanda alisema huyu wa kwangu niachieni mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, joto hili unalionaje?"

"Joto ni joto tu, mwanangu. Nipo. Sijambo kabisa."

Maswali yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Aliyajua kuliko mtu yeyote, kwani aliyatunga yeye. Lakini huyu ndiye aliyemzaa mumewe. Tangu aolewe hajawahi kukaa mbele yake amenyoosha miguu, wala kutaja choo masikioni mwake. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Haya Mama, unywe maji."

"Nakunywa, mwanangu. Nenda kafanye kazi, watu wanakungoja."

Kamanda akakata simu, akarudi kwa wenzake macho makavu. "Mama mkwe nimeongea naye. Mzima."

Kesho yake, jua la mchana likiwa limewafukuza hata mbwa barabarani, bajaji ikaingia getini kwa fujo. Mpangaji mmoja wa uani, kinyozi, alishuka amembeba mwanamke mzee mikononi. Kichwa kilikuwa kinaning'inia, midomo imepasuka. Kamanda aliitambua khanga kabla ya kuutambua uso, kwani ndiye aliyeinunua.

"Nimemkuta chumbani, Sista," kinyozi akasema, jasho likimtiririka. "Dirisha limefungwa. Namwita, ananiita jina la mwanawe."

Ngozi ilikuwa kavu, ya moto kama pasi. Kipimajoto kikasoma arobaini na moja. Wakamkimbiza chumba cha kupoza, daktari akashika mkono kutafuta mshipa wa dripu.

"Nguo zitoke zote. Barafu kwapani na kinenani, shuka zilowe, feni juu yake. Sista, mkasi!"

Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Amewavua nguo wagonjwa wasio na idadi, wanaume kwa wanawake, bila kope kupepesa. Sasa alisimama juu ya mama mkwe wake, mkono umekataa. Alijiona amesimama, alijua kila nukta anayosimama inaunguza ubongo wa yule mama, na bado mkono ulikataa.

Mama Pacha akamnyang'anya mkasi.

"Geuka, Sista. Mimi si mkwe wake. Geukia ukutani, unipitishie barafu kwa nyuma."

Kamanda akageuka. Katika chumba alichokipanga mwenyewe, mbele ya wafanyakazi anaowaamrisha, alisimama ameukabili ukuta kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa, akipitisha vipande vya barafu nyuma ya mgongo. Alisikia khanga ikichanika. Alisikia maji yakimwagwa, na Mama Pacha akibembeleza: "Pole mama, pole, tunakuosha tu, upo kwa watoto wako." Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Joto la mwili likashuka polepole. Jioni mama mkwe akafumbua macho na kuuliza kwa nini amelowa hivi, nyumba inavuja? Daktari akacheka kwa kushusha pumzi. Kisha akakumbuka utaratibu.

"Huyu alikuwa kwenye simu. Nani alikuwa anampigia?"

Kamanda akafungua mdomo, lakini mama mkwe akamtangulia.

"Mkwe wangu alinipigia. Aliniuliza kila kitu, msimsumbue. Mimi ndiye mkaidi, sikumwambia kweli."

"Wazee nyie!" daktari akasema, akatoka kuwaona wengine.

Kamanda alikuwa bado amefungua mdomo. Akaufunga. Mama Pacha, aliyekuwa akikamua shuka ndooni, alimtazama mara moja, akarudisha macho kwenye shuka. Kamanda angeona nafuu kama angetukanwa.

Usiku kucha aligeuka upande huu na ule. Kwenye kikao cha asubuhi hakungoja hata watu wakae vizuri.

"Jana mama alinisitiri," alisema. "Sikumuuliza lolote. Nilimwamkia, akasema hajambo, nikakata simu. Na hapa nikawaambia ni mzima. Mama Pacha, nilikufanya uchekwe na watu kwa kosa ambalo dakika ileile nilikwenda kulifanya."

Hakuna aliyecheka. Mlinzi akakohoa mlangoni. Mama Pacha akakunja pindo la gauni lake, akalikunjua.

"Iliniuma, Sista," alisema mwishowe. "Sitakwambia haikuniuma. Ila yule mama anarudi nyumbani kesho, na joto bado lipo. Tunajua kwa nini hakunywa maji?"

Hawakujua.

"Wewe hatakwambia. Nitamuuliza mimi. Simama nyuma ya pazia, usikohoe."

Kwa hiyo Kamanda akasimama nyuma ya pazia la wodi yake mwenyewe, viatu mkononi visije vikamsaliti. Mama Pacha alianza mbali, kwenye bei ya vitu na wajukuu wasiopiga simu, kisha akauliza mambo ya maji na ya choo bila kuzunguka, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Na mama mkwe, ambaye Kamanda hakuwahi kumsikia akilalamika, akamjibu vilevile bila kuzunguka.

"Mwanangu, mlango wa choo uling'oka wakati wa mvua. Choo kinatazamana na baraza la wapangaji, na wapangaji wote wanaume, joto hili wanashinda barazani. Nitapita vipi pale na utu uzima wangu? Nangoja giza. Sasa nikinywa maji mchana, nitayapeleka wapi?"

"Na dirisha?"

"Linafungukia palepale barazani. Navua nguo kwa joto, nalifunga."

"Hukuwaambia wanao?"

"Nilimgusia mkwe kwamba mlango unasumbua. Akasema atatuma fundi. Ana mambo mengi yule, anaokoa watu. Usimwambie, tafadhali. Ataona nimemsema."

Kamanda aliona kivuli cha Mama Pacha juu ya pazia kikigeuka upande wake, kisha kikageuka tena.

"Simwambii, mama," Mama Pacha akasema. "Kunywa hii kwanza. Hapa choo kina mlango, na mimi nasimama nje."

Kamanda akatoka kwa miguu mitupu mpaka uani, penye kivuli chembamba cha ukuta, akampigia fundi.

"Nina kazi ya mlango wa choo. Kwa mama mkwe wangu, mtaa wa pili."

"Ule?" Fundi alishangaa kweli. "Sista, si nilikuja kuupima wakati wa mvua? Mbao nilikata, bawaba ninazo, mlango umeegemea hapa hapa karakana. Uliniambia ningoje simu yako."

Saruji ya uani ilikuwa inamuunguza nyayo, naye hakuhama.

"Halo? Sista? Niulete leo, au bado ningoje?"